Sharti la Mama Wakili

Mara ya kwanza Msusi alilisoma tangazo la mnada haraka haraka, kama mtu anayesoma habari za jirani. Mara ya pili alilisoma akiwa ameshika nguzo ya geti. Nyumba ya vyumba vinne, yenye kisima na banda la nyuma, itauzwa kwa atakayefika bei. Nyumba yao! Nyumba ambayo Baba aliijenga mwenyewe, akapaka rangi chumba cha Mama kwa mkono wake, na akafia humo humo.

Lakini kilichomkata maini hasa kilikuwa chini kabisa ya ile karatasi. Baada ya jina la dalali palikuwa na jina la mawakili wa benki, na jina hilo Msusi alilijua vizuri sana. Lilikuwa limechapwa kwenye kikombe alichokuwa akinywea chai saluni kwake kila asubuhi. Kikombe hicho alipewa na mchumba wake, siku huyo mchumba alipoajiriwa kwenye ofisi hiyo hiyo.

Mama alikuwa amesimama nyuma yake na ufagio mkononi.

"Wameandika nini, mwanangu? Miwani nimeiacha ndani."

"Wanasema wanauza, Mama."

"Wanauza nini?"

Msusi alifunika yale maandishi kwa kiganja. Mama hakuuliza tena. Aliinama akaanza kufagia mbele ya geti, pale pale, mahali pamoja, mpaka vumbi likaisha na ufagio ukawa unakwaruza saruji.

Mkopo ule ulikuwa wa Baba. Alikuwa seremala wa kusifika, akataka karakana yake mwenyewe, akaiweka nyumba rehani akanunua mashine. Mashine zilifanya kazi vizuri tu. Aliyeharibika ni mwenyewe. Alianguka katikati ya kazi, akaugua, akafa, na Mama akazijua habari za deni baada ya mazishi, mtu wa benki alipokuja kutoa pole na kuulizia marejesho kwa pumzi moja. Tangu siku hiyo Msusi alisuka watu mpaka vidole vikafa ganzi, akawa analipa, anapunguza, anaomba muda. Siku hiyo ya tangazo ndiyo muda ulipokatika.

Alikwenda moja kwa moja mpaka nje ya ofisi ya mchumba wake. Watu wote walimwita Wakili, hata yeye Msusi alimwita hivyo, mwanzoni kwa utani na baadaye kwa mapenzi. Alipotokea mlangoni na kumwona mchumba wake amesimama juani bila hata mkoba, uso ulimshuka.

"Ulijua?" Msusi alimuuliza.

Wakili aliangalia kushoto na kulia. "Tusiongee hapa."

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Jumapili umekaa kwetu, umekula kwetu. Mama amekuongezea sahani mara mbili. Na ulikuwa unajua?"

"Siruhusiwi kusema chochote kuhusu faili hilo. Kwa mtu yeyote. Ningesema, ningefukuzwa uwakili wenyewe, si kazi tu."

"Faili? Mama yangu leo amekuwa faili?"

"Mpenzi wangu…"

"Usiniite hivyo mbele ya kibao cha ofisi yako."

Wakili alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala, na Msusi alichukia kuona kwamba bado alitamani kuyafumba kwa kiganja chake kama alivyozoea. Aligeuka akaondoka. Nyuma yake hakusikia hatua za kumfuata, na hilo lilimuuma kuliko maneno yote.

Basi akaanza kutafuta wakili mwingine. Hiyo ni kazi, isikieni tu! Ofisi ya kwanza ilikuwa na makochi ya ngozi na dada wa mapokezi mwenye kucha ndefu.

"Ada ya kumwona wakili inalipwa kabla ya kumwona," alisema yule dada.

"Na nikishamwona?"

"Atakuambia ada ya kesi."

"Hiyo ya sasa si ya kesi?"

"Hiyo ni ya kumwona, dada yangu. Kumwona tu."

Msusi alilipa, akamwona. Bwana yule alisikiliza huku akijibu simu, kisha akataja kiasi cha kuanzia, na kiasi chenyewe kilizidi saluni nzima, na viti vyake, na vioo vyake, na Msusi mwenyewe ndani. Wa pili hakuwa hata na ofisi. Alizurura kwenye ukumbi wa mahakama na begi la plastiki, akamwambia, "Kesi yako ndogo sana hii, mimi naongea na watu." Alipoulizwa cheti chake cha uwakili, akakumbuka ana mgonjwa hospitali. Wa tatu alikuwa mkweli. Alimsindikiza mpaka mlangoni akamwambia kwa sauti ya chini, "Benki ile ndiyo inayotulipia kodi ya jengo hili, dada. Usinitafutie balaa."

Kila aliporudi, lile tangazo lilikuwa bado pale getini, na Mama amefagia chini yake.

Jumamosi alikuja saluni shangazi yake Wakili, mteja wake wa siku nyingi, mwanamke wa maneno mengi ambaye siku hiyo hakuwa na maneno. Alikaa kimya mpaka nusu ya kichwa ikasukwa.

"Wakili umepata?" aliuliza ghafla.

"Sijapata, Shangazi. Wote wanataka roho yangu."

"Nenda kwa Mama Wakili, ghorofani, juu ya lile duka la dawa la kona. Anachukua kidogo kidogo. Mkali, lakini benki zinamwogopa." Shangazi alimtazama kupitia kioo, kisha akashusha macho. "Na usiseme nimekutuma mimi."

Mama Wakili alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza, miguu yake iko ndani ya ndala chini ya meza, viatu vya mahakamani vimewekwa pembeni. Hakuuliza ada. Aliuliza maswali.

"Nyumba ilikuwa kwa jina la nani?"

"La Baba."

"Alipokwenda kukopa, mama yako aliitwa benki? Aliulizwa kama anakubali?"

"Hakuitwa. Hakujua kitu mpaka Baba tumemzika."

Mama Wakili aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayefurahi.

"Hapo ndipo tunapoingilia. Nyumba wanayokaa mke na mume haiwekwi rehani kimya kimya, mke yuko jikoni anamenya vitunguu. Tutaomba mnada usimame, kisha tutawauliza benki, mke huyu mlimwona wapi? Sasa niambie. Hilo umemwambia nani mwingine?"

Msusi aliangalia zile ndala chini ya meza.

"Nimekuuliza."

"Mchumba wangu. Zamani, kabla ya haya yote. Tulikuwa tunaongea tu, habari za nyumbani."

"Mchumba wako anafanya kazi gani?"

Msusi aliitaja ofisi. Mama Wakili alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo yake, akairudisha usoni, na ile furaha ikawa haipo tena.

"Mwanangu," alisema, "mimi kesi hii naitaka. Lakini siwezi kukuambia siri mchana, usiku ikalala kitanda kimoja na upande wa pili."

"Hatulali kitanda kimoja. Hatujaoana."

"Ni namna ya kusema. Hajasema kitu bado, nadhani, maana wangekuwa wameshajihami. Anakupenda, basi. Lakini mtu anayependa naye huulizwa na bosi wake. Na siku watakapogundua mnaonana, watasema mimi nimechota maneno ofisini kwao kupitia kwako. Nitatupwa nje mimi, na kesi yako nyuma yangu."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Uachane naye. Usimpigie, usimwandikie, usimsalimie njiani. Na si wewe tu, nyumba yenu nzima. Mpaka hukumu."

"Hukumu huchukua muda gani?"

"Mtoto anaweza kuzaliwa leo akaanza shule kabla yake."

"Na akiacha kazi pale?"

"Akiacha kazi, alichokisoma kitamtoka kichwani?" Mama Wakili alitikisa kichwa. "Na jambo la pesa. Nusu unanipa sasa, nusu utaleta kadiri unavyopata. Mimi si sadaka, nami nina kodi."

"Nina pesa za harusi, benki."

"Za nani?"

"Zetu. Tumeweka wote wawili."

"Basi mrudishie zake mpaka senti ya mwisho, na zako nazo sizitaki, zimeshachanganyika. Pesa yake ikiingia kwenye droo hii, mimi nitakuwa nimelipwa na mtu wa upande wa pili."

Msusi aliteremka ngazi akishika ukuta. Chini, mbele ya duka la dawa, watu walikuwa wamepanga foleni na vikohozi vyao, na akawaonea wivu kwamba ugonjwa wao una dawa.

Nyumbani alimkuta Mjomba, kaka yake Mama. Mjomba huyu tangu mwanzo hakuutaka uchumba ule. Alisema watu wa tai mdomo wao ni asali na mifuko yao ni ya watu wengine. Sasa alikuwa amegeuka kabisa.

"Wakili wa nini wa kulipia, na mkwe wakili tunaye?" alisema. "Mbane huyo kijana! Mwambie atoe hilo faili alichome moto, ndoa ipite."

"Mjomba, hayafanyiki hivyo."

"Yanafanyika. Kama anakupenda yanafanyika. Kama hayafanyiki, basi nilisema."

"Mwache mtoto," alisema Mama kutoka mlangoni. "Mkwe wangu hana ubaya. Yule kijana shikamoo yake inatoka tumboni. Wengine wanakutupia tu wakipita, yeye anasimama, anainama, anangoja nimwitikie. Mtu wa hivyo hawezi kunifanyia ubaya."

Mjomba alipoondoka, Msusi alikaa karibu na Mama kitandani. Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa kijani, na nyuma ya mlango palikuwa na alama ya kiganja, pale Baba alipojishikiza rangi haijakauka. Mama hakukubali pafutwe.

"Mama, na kama ningelazimika kuchagua? Nyumba, au yeye?"

Mama alicheka. "Swali gani hilo? Ningebeba godoro langu leo hii nikahamia kwa mjomba wako, kile chumba cha nyuma."

"Kile kina magunia ya mkaa, Mama. Na kifua chako hicho?"

"Magunia yanahamishika. Mume mwema unadhani anaokotwa?" Mama alisema hayo huku mkono wake uko ukutani, unapapasa kile kijani, na wala hakujua kwamba anapapasa.

Msusi hakumwambia neno. Angemwambia, Mama angehama usiku ule ule, na hilo ndilo lililomfunga mdomo. Kesho yake aliuza mashine mbili za kukaushia nywele na kile kiti kizuri cha kuoshea, akampelekea Mama Wakili, akatia sahihi. Kisha akamwita Wakili wakutane kwenye vyumba vyao.

Vyumba vyao! Viwili, vyenye dirisha la kuangalia uani, walivilipia kodi kabla ya harusi wapate kuvipamba taratibu. Kulikuwa na kiti kimoja na ndoo ya rangi. Alipofika, Wakili alikuwa ameshakaa chini sakafuni, tai mfukoni, amekiacha kiti kwa ajili yake.

"Nimepata wakili," alisema Msusi. Hakukaa.

"Nafurahi."

"Usifurahi. Ametoa sharti."

Wakili hakuuliza sharti gani. Aliinua macho tu, akamtazama taratibu, paji la uso, mashavu, midomo, shingo, kama mtu anayehesabu mali yake kabla haijachukuliwa. Msusi akaanza kueleza, maneno yakigongana: simu, ujumbe, salamu, mpaka hukumu, labda miaka. Alingoja agombe. Alitaka agombe. Alikuwa ameandaa majibu njia nzima.

"Ni wakili mzuri," alisema Wakili. "Msikilize kila anachokuambia. Na zile ngazi zake za juu ya duka la dawa ni mbovu, ukimpeleka Mama mshike mkono."

Msusi alirudi nyuma hatua moja.

"Sijakuambia ofisi yake iko wapi," alisema Msusi.

Wakili aliinamisha kichwa.

"Sijakuambia hata kama ni mwanamke. Wewe ndiye uliyemtuma Shangazi!"

"Hilo tu ndilo nililoweza."

"Na sharti lake? Ulilijua?"

"Nilifanya kazi kwake nilipokuwa najifunza. Nilimwona akimfukuza mteja kwa sababu dada yake ameolewa na karani wa upande wa pili." Aliitazama ile ndoo ya rangi. "Nililijua."

Msusi alimpiga. Alimpiga begani, kifuani, kwa ngumi zilizochoka kusuka, na yeye alisimama akamwacha ampige, mpaka ngumi zikawa vidole, na vidole vikashika shati.

"Umeniacha kabla sijakuacha," alilia. "Umeniacha na hukuniambia!"

"Ningekuambia, usingekwenda."

"Nisingekwenda, ndiyo! Nisingekwenda!"

"Na Mama angelala kwenye mkaa. Ungenitazama kwa macho gani? Kila siku ungeniona mimi na chumba kile pamoja." Alimkumbatia, akaongea ndani ya nywele zake. "Bosi aliniuliza kama najua lolote kuhusu familia hiyo. Nikasema sijui. Nilimdanganya machoni, mpenzi wangu, na mimi najua kudanganya mara moja tu. Mara ya pili ataona. Nenda."

Walikaa hivyo mpaka jua likahama dirishani. Msusi alivua pete, akaiweka juu ya kiti. Pembeni yake akaweka bahasha yenye nusu yake Wakili ya pesa za harusi.

"Mama sijamwambia," alisema akijifuta uso. "Akijua, atahama mwenyewe. Ukikutana naye…"

"Nifanye nini?"

"Usimsalimie."

"Hapana. Jingine lolote. Nipite mbele ya mama yako bila shikamoo? Siwezi hilo."

"Utaweza," alisema Msusi. "Na mimi nilidhani siwezi."

Shauri liliitwa asubuhi yenye mvua. Mama Wakili, na viatu vyake vya mahakamani, alisimama akauliza swali moja: mke wa marehemu aliulizwa lini na nani? Wakili wa benki, mzee mwenye kitambi, akafunua karatasi zake mbele na nyuma, akaomba muda. Nyuma ya mzee yule alikaa kijana aliyembebea mafaili, na muda wote ule hakuinua kichwa. Hakimu akaamuru mnada usimame mpaka kesi isikilizwe. Si ushindi, Mama Wakili alionya, ni pumzi tu.

"Kesi yenyewe ndiyo inaanza sasa," alisema. "Mchukue mama yako, mwende."

Walitoka chumba cha mahakama, wakaingia ukumbini. Ukumbi ulikuwa mwembamba, umejaa watu na miavuli inayochuruzika, na kutoka upande wa pili mzee wa kitambi alikuwa anakuja, na nyuma yake kijana na mafaili. Mama alimwona kabla Msusi hajamgeuza. Uso wake wote ulifunguka. Aliweka sawa ushungi wake, akasimama katikati ya njia, akatabasamu, akangoja.

Kijana alifika mbele yake. Miguu yake ilipunguza mwendo, nusu hatua. Kisha akaangalia sakafu, akampita.

"Marahaba, baba," Mama alikuwa ameshasema.

Aliganda pale na mkono wake hewani. Watu waliwapita na miavuli yao. Aligeuka akautazama ule mgongo mpaka ukapotea mlangoni, kisha akamtazama binti yake, na Msusi akaona kwamba ni mara ya kwanza, tangu Baba afe, Mama anaogopa kuuliza kitu.

"Kwani hajaniona?"

Msusi alimshika mkono, akaushusha, akaubana kwenye kwapa lake wasije wakateleza.

"Hajakuona, Mama," alisema. "Twende nyumbani."